Hans Fischer

Hans Fischer (27 Julai 1881 – 31 Machi 1945) alikuwa mwanakemia na daktari kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu porfirini, yaani kundi la rangi asilia ambazo molekuli zake zina umbo la pete na mara nyingi hushika atomu ya metali katikati. Mwaka 1929 alifaulu kuunda hemini, rangi nyekundu itokanayo na damu, akianzia na kemikali sahili katika maabara. Mwaka 1930 alipokea Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa kazi hiyo pamoja na utafiti wake kuhusu klorofili, rangi ya kijani ya majani.

Kazi yake ilithibitisha kwamba rangi ya damu ya wanyama na rangi ya majani ya mimea zimejengwa juu ya kiunzi cha aina moja. Katika damu pete hiyo hubeba chuma, katika majani hubeba magnesi. Fischer hakuona matunda yote ya ugunduzi wake. Maabara yake iliharibiwa na mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, naye akajiua wiki chache kabla ya vita kwisha.

Maisha ya awali na elimu

Fischer alizaliwa Höchst, wakati huo ukiwa mji kando ya mto Main karibu na Frankfurt. Baba yake, Eugen Fischer, alikuwa mwanakemia aliyeongoza kazi katika kiwanda cha rangi cha Kalle huko Wiesbaden. Mama yake aliitwa Anna Herdegen. Hivyo tangu utotoni mazungumzo ya rangi na kemikali hayakuwa mageni nyumbani kwao.

Alisoma shule ya msingi mjini Stuttgart, kisha sekondari mjini Wiesbaden alikomaliza mwaka 1899. Baadaye alijiunga na chuo kikuu cha Lausanne nchini Uswisi, halafu Marburg nchini Ujerumani. Alichukua masomo mawili kwa pamoja, kemia na udaktari. Mwaka 1904 alipata shahada ya uzamivu katika kemia kutoka Marburg. Mwaka 1906 aliruhusiwa kufanya kazi ya udaktari, na mwaka 1908 alipata shahada ya uzamivu katika tiba mjini München.

Elimu hiyo ya pande mbili ndiyo iliyompa njia yake. Wanakemia wengi wa wakati ule hawakuijua hospitali, na madaktari wengi hawakuweza kutenganisha wala kuunda molekuli kubwa. Fischer aliweza kuchukua swali kutoka wodini na kulipeleka maabara.

Kuanza utafiti wa rangi za mwili

Baada ya masomo, Fischer alifanya kazi katika kliniki ya tiba mjini München, kisha katika taasisi ya kemia mjini Berlin chini ya Emil Fischer, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1902. Ingawa majina yao ya ukoo yalifanana, wawili hao hawakuwa ndugu. Mwaka 1911 Hans Fischer alirudi München. Mwaka uliofuata alipata sifa ya kufundisha tiba ya ndani, na mwaka 1913 akawa mhadhiri wa fiziolojia.

Huko München daktari mkuu Friedrich von Müller alimwelekeza kwenye bilirubini, rangi ya manjano iliyomo katika nyongo. Rangi hiyo ndiyo inayofanya macho na ngozi ya mgonjwa wa manjano kubadilika. Madaktari walijua kwamba inatokana na damu iliyochakaa, lakini hapakuwa na mtu aliyejua imejengwa vipi. Swali hilo lilimfuata Fischer kwa zaidi ya miaka 30.

Mwaka 1915 alichunguza mkojo na kinyesi cha mgonjwa mmoja aliyekuwa na porfiria, ugonjwa adimu wa kurithi. Katika porfiria ya aina ile mwili hutengeneza porfirini isiyofaa kwa wingi, mkojo huwa mwekundu kama mvinyo, na ngozi hupata malengelenge na makovu inapopigwa na jua. Kutoka kwa mgonjwa huyo Fischer alitenga rangi mbili, uroporfirini na koproporfirini, akaonyesha kwamba ni vitu viwili tofauti. Kwamba porfirini mwilini pamoja na mwanga zinaweza kuleta madhara makubwa kulikuwa kumeshaonekana mwaka 1912. Mwaka huo daktari Friedrich Meyer-Betz alijidunga mwenyewe sindano ya porfirini, akavimba vibaya uso na mikono baada ya kukaa juani.

Innsbruck na Vienna

Mwaka 1916 Fischer aliitwa nchini Austria kuwa profesa wa kemia ya tiba katika Chuo Kikuu cha Innsbruck, mahali pa Adolf Windaus aliyekuwa amehama. Mwaka 1918 alihamia Vienna kwa cheo kama hicho.

Miaka hiyo ilikuwa migumu. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa inaendelea, na ilipokwisha Vienna ilibaki na njaa, baridi na uhaba wa kila kitu, hata gesi na kemikali za maabara. Utafiti ulisonga kidogo tu. Afya yake pia haikuwa nzuri. Alikuwa ameugua kifua kikuu ujanani, na mwaka 1917 aliondolewa figo moja kwa sababu ya maradhi hayo. Tangu hapo aliishi na figo moja, lakini aliendelea kupenda kupanda milima.

Maabara ya München

Tarehe 1 Aprili 1921 Fischer alianza kazi ya profesa wa kemia ogania katika Chuo cha Ufundi cha München (leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha München). Aliyemtangulia katika nafasi hiyo alikuwa Heinrich Wieland. Fischer alibaki hapo hadi kifo chake.

Huko ndiko alikojenga kituo kikuu cha utafiti wa porfirini duniani. Aliwagawa wanafunzi na wasaidizi wake katika vikundi, kila kikundi na sehemu yake ya kazi. Kwa kuwa rangi nyingi zilipatikana kwa kiasi kidogo sana, maabara ilitegemea uchanganuzi mdogo, yaani njia ya kupima kaboni, hidrojeni na nitrojeni katika sampuli ya miligramu chache. Katika miaka yake maabara ilifanya vipimo zaidi ya 60,000 vya aina hiyo. Ilitengeneza pia porfirini zaidi ya 100 za miundo mbalimbali.

Swali la muundo wa hemini

Damu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini iliyomo katika seli nyekundu. Hemoglobini ina sehemu mbili: protini, na kipande kidogo chenye rangi kiitwacho hemu. Katika kila molekuli ya hemoglobini kuna hemu nne, na kila hemu ina atomu moja ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni mapafuni na kuiachia katika sehemu nyingine za mwili. Ndicho pia kinachoshika monoksidi ya kaboni, gesi yenye sumu inayotoka kwenye jiko la mkaa lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa. Monoksidi ya kaboni hung'ang'ania hemu kwa nguvu zaidi kuliko oksijeni, na kwa hiyo mtu hukosa hewa huku akipumua.

Hemu ikitengwa na protini hupatikana kwa urahisi kama hemini. Mwaka 1853 Ludwik Teichmann alionyesha kwamba damu kavu ikipashwa moto pamoja na chumvi na asidi ya siki iliyo kali hutoa fuwele ndogo za rangi ya kahawia. Njia hiyo ilitumika kwa muda mrefu kutambua madoa ya damu katika kesi za jinai. Hata hivyo, kuona fuwele si kujua zimejengwaje.

Wanakemia walipovunja hemini walipata vipande vya piroli. Piroli ni pete ndogo yenye atomu nne za kaboni na moja ya nitrojeni. Mwaka 1912 mwanakemia Mjerumani William Küster alipendekeza kwamba katika hemini kuna piroli nne zilizounganishwa kwa madaraja manne ya kaboni, zikafanya pete moja kubwa inayozunguka chuma. Wengi walikataa wazo hilo. Waliona kwamba pete kubwa kiasi hicho isingeweza kuwa imara. Fischer mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliolikataa, akashika miundo mingine kwa miaka kadhaa.

Njia pekee ya kumaliza ubishi ilikuwa kuijenga molekuli hatua kwa hatua, kisha kuilinganisha na ile ya asili. Fischer na wanafunzi wake walibuni njia za kutengeneza piroli zenye matawi yaliyopangwa kwa makusudi, kuunganisha piroli mbili mbili, na mwishowe kuunganisha jozi mbili kuwa pete kwa kuziyeyusha pamoja katika asidi ogania yenye joto. Mwaka 1926 walipata kwa njia hiyo porfirini za kwanza zilizoundwa na binadamu. Pete ya Küster ilikuwa ya kweli, na Fischer akaikubali.

Kutafuta namba tisa

Kuijua pete hakukutosha. Nje ya pete ya hemini kuna matawi manane, mawili kwa kila piroli. Manne ni ya metili, mawili ni ya vinili, na mawili ni ya asidi ya propioni. Matawi hayo yanaweza kupangwa kwa namna nyingi. Kama kila piroli ina metili moja, kuna mipangilio 15 inayowezekana, na asili imechagua mmoja tu. Uzito na fomula ya mipangilio yote ni sawasawa, hivyo vipimo vya kawaida visingeweza kuitofautisha.

Fischer aliipa mipangilio hiyo namba kuanzia 1 hadi 15, akaanza kuiunda mmoja baada ya mwingine. Kwa sababu matawi ya vinili huharibika upesi, kwanza alifanya kazi na mesoporfirini, ambayo vinili zake zimegeuzwa kuwa etili zilizo imara zaidi. Kila mara maabara ilipopata mesoporfirini mpya, waliichanganya na ile iliyotoka katika damu na kupima kiwango cha kuyeyuka. Vitu viwili tofauti vikichanganywa, kiwango hicho hushuka. Vikiwa ni kitu kimoja, hakibadiliki. Iliyolingana na damu ilikuwa namba 9. Mpaka leo rangi hiyo huitwa protoporfirini IX, na wanafunzi wa biokemia duniani kote hutumia namba hiyo, wengi bila kujua kwamba ilikuwa tu nafasi katika orodha ya Fischer.

Baada ya kujua mpangilio, ilibaki kurudisha vinili na kuingiza chuma. Mwaka 1929 Fischer, akishirikiana na Karl Zeile, alikamilisha usanisi wa hemini. Fuwele zilizotoka maabara hazikutofautiana kwa lolote na zile zilizotoka katika damu. Küster, ambaye wazo lake lilikuwa limekataliwa, alifariki mwaka huohuo.

Tuzo ya Nobel

Mwaka 1930 Fischer alipewa peke yake Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa utafiti wake kuhusu muundo wa hemini na klorofili, na hasa kwa usanisi wa hemini. Mwaka huohuo Tuzo ya Nobel ya Tiba ilikwenda kwa Karl Landsteiner aliyegundua makundi ya damu. Hivyo tuzo mbili za mwaka mmoja zilihusu damu.

Heshima nyingine alizopata ni Nishani ya Liebig mwaka 1929, shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani mwaka 1936, na Nishani ya Davy ya Royal Society ya London mwaka 1937. Mwaka 1935 alimwoa Wiltrud Haufe.

Klorofili

Baada ya hemini Fischer aligeukia kwa nguvu klorofili, inayokamata mwanga wa jua katika usanisinuru. Richard Willstätter, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, alikuwa ameshaonyesha kwamba klorofili ina magnesi na kwamba kuna klorofili a na klorofili b. Kilichobaki ni kuchora ramani kamili ya atomu zake.

Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ya hemini. Klorofili ina pete kuu kama ya hemini, lakini piroli moja imeongezewa hidrojeni mbili. Pembeni kuna pete ya tano iliyofungwa, na mkia mrefu wa fitoli unaoifanya iyeyuke katika mafuta badala ya maji. Magnesi nayo hutoka kwa urahisi ikiguswa na asidi. Ndiyo maana mboga za majani zikipikwa muda mrefu hupoteza kijani chao kibichi na kuwa na rangi ya zeituni.

Fischer alivunja klorofili kidogo kidogo, akaunda upya vipande vilivyopatikana, akavilinganisha na vile vya asili. Kufikia mwaka 1940 alikuwa ametoa muundo wa klorofili a ambao, kwa sehemu kubwa, ndio unaokubaliwa hadi leo. Vita vilipokuwa vikiendelea alikuwa njiani kuelekea usanisi kamili.

Bilirubini

Fischer hakuacha swali lake la kwanza. Alionyesha kwamba bilirubini ni pete ya hemu iliyokatwa sehemu moja na kufunguka, ikawa mnyororo wa piroli nne usio na chuma. Mwilini seli nyekundu zikizeeka, hemu hufunguliwa na kuwa kwanza biliverdini ya kijani, kisha bilirubini ya manjano. Mabadiliko hayo huonekana kwa macho mtu anapopata jeraha la ndani: alama huanza kuwa nyeusi au ya zambarau, ikawa kijani, kisha manjano kabla ya kutoweka.

Mwaka 1942 Fischer, pamoja na Hans Plieninger, alifaulu kuunda bilirubini maabara. Swali alilopewa kama daktari kijana lilikuwa limejibiwa.

Vita na kifo

Kuanzia mwaka 1942 München ilishambuliwa na ndege za kivita mara nyingi, na mashambulizi ya 1944 na mwanzo wa 1945 yalikuwa makali zaidi. Majengo ya Chuo cha Ufundi yalipigwa, pamoja na taasisi ya Fischer. Kazi iliyokusanywa kwa zaidi ya miaka 20 iligeuka kifusi.

Fischer alikuwa na umri wa miaka 63, na taasisi hiyo ndiyo iliyokuwa maisha yake. Tarehe 31 Machi 1945 alijiua mjini München kwa kukata tamaa juu ya kuharibiwa kwa taasisi na kazi yake. Majeshi ya Marekani yaliingia mjini humo tarehe 30 Aprili, na vita barani Ulaya vilikwisha tarehe 8 Mei.

Hata hivyo, kazi yake haikupotea kama alivyodhani. Makala zake zilikuwa zimeshasambaa katika maktaba za nchi nyingi. Muhimu zaidi, tangu mwaka 1934 hadi 1940 alikuwa ametoa kitabu kikubwa kuhusu kemia ya piroli, Die Chemie des Pyrrols, akishirikiana na Hans Orth na, katika sehemu ya mwisho, Adolf Stern. Humo zimeelezwa njia za kutengeneza na kusafisha mamia ya rangi. Aliyetaka kuendelea angeweza kuanza pale Fischer alipoachia.

Urithi

Katika mafuta ya petroli

Mwanafunzi wake Alfred Treibs alichunguza mafuta ghafi na miamba katika miaka ya 1930. Alikuta ndani yake porfirini zilizoshika vanadi badala ya chuma au magnesi. Kwa kuwa alizijua vizuri porfirini za majani, alitambua kwamba zilikuwa mabaki ya klorofili ya viumbe vya kale. Huo ulikuwa ushahidi muhimu kwamba petroli ilitokana na viumbe hai, na Treibs huhesabiwa kama mwanzilishi wa jiokemia ogania.

Katika usanisi wa klorofili

Mwaka 1960 Robert Burns Woodward na kikundi chake huko Harvard walikamilisha usanisi wa klorofili a. Walijenga juu ya muundo uliotolewa na Fischer.

Katika tiba

Kuelewa bilirubini kumesaidia kuelewa manjano ya watoto wachanga. Leo hospitali nyingi, zikiwemo za Afrika ya Mashariki, huwalaza watoto hao chini ya taa ya mwanga wa bluu. Mwanga huo hubadili umbo la bilirubini ili mwili uweze kuitoa kwa urahisi.

Hemu inahusika pia na malaria. Kimelea cha malaria hula hemoglobini ndani ya seli nyekundu, na hemu inayobaki ni sumu kwake. Hujiokoa kwa kuifanya fuwele nyeusi zisizo na madhara. Dawa ya klorokwini, iliyotumika kwa miaka mingi Afrika ya Mashariki kabla ya vimelea kuizoea, ilifanya kazi kwa kuzuia fuwele hizo zisitengenezwe.

Katika elektrodi

Porfirini zilizoshika metali zimepata pia nafasi katika elektrokemia, fani ambayo Fischer hakuifanyia kazi. Chanzo ni jambo linalotokea kila wakati mwilini: kimeng'enya chenye hemu huipa oksijeni elektroni nne na kuigeuza kuwa maji. Wataalamu walijiuliza kama pete hiyohiyo, ikipakwa juu ya elektrodi ya kaboni, ingeweza kufanya vivyo hivyo kwa kutumia umeme.

Jambo hilo lina faida kubwa kwa seli za fueli, yaani vifaa vinavyotoa umeme kwa kuunganisha hidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto. Upande wa oksijeni huhitaji kichocheo, na kilichozoeleka ni platini ambayo ni ghali mno. Oksijeni ikipata elektroni mbili tu badala ya nne, hutokea peroksidi ya hidrojeni. Nishati nyingi hupotea, na peroksidi huharibu sehemu za kifaa.

Mwaka 1964 Raymond Jasinski alionyesha kwamba fthalosianini ya kobalti, molekuli ya kutengenezwa inayofanana na porfirini, inaweza kuchochea oksijeni katika elektrodi. Mwaka 1980 kikundi cha James Collman na Fred Anson nchini Marekani kilitumia molekuli yenye porfirini mbili za kobalti zilizotazamana kama kurasa mbili za kitabu. Walizipaka juu ya elektrodi ya grafiti ndani ya asidi. Oksijeni ilipoingia katikati ya kobalti mbili, sehemu kubwa yake iligeuzwa moja kwa moja kuwa maji kwa elektroni nne. Porfirini ya kobalti iliyo peke yake kwa kawaida huishia kwenye elektroni mbili.

Elektrodi za namna hiyo hutumika pia kama vipimo. Mwaka 1992 Tadeusz Malinski alipaka porfirini ya nikeli juu ya uzi mwembamba sana wa kaboni, akaweza kupima oksidi ya nitriki inayotolewa na seli moja hai. Watafiti wengine hutumia porfirini za chuma na kobalti kugeuza dioksidi ya kaboni kuwa kemikali zenye manufaa. Katika kazi hizi zote hatua ya kwanza ni ileile: kuchagua matawi ya pete na metali ya katikati ili molekuli itende inavyotakiwa. Kupanga matawi hayo kwa makusudi kulianza katika maabara ya München.

Kumbukumbu

Kasoko moja kwenye Mwezi iitwayo Fischer imepewa jina hilo kwa heshima ya Hans Fischer na ya Emil Fischer, mwalimu wake wa Berlin.